Kompyuta Hairudishi Kile Mwanga Haukuleta

Ukienda kununua simu siku hizi, swali la kwanza ni megapikseli. Muuzaji anakwambia hii ina 50, ile ina 108, na wewe unaamua papo hapo kwamba ya 108 ni kali mara mbili. Nani atakubishia? Namba ni namba. Lakini elekeza simu hiyo kwa mwezi usiku. Utapata kidoa cheupe, au utapata mwezi mzuri kupita kiasi, mwezi ambao programu imejichorea yenyewe. Sasa hapo nauliza: ukali wa picha hutoka wapi hasa? Kwa lenzi? Kwa kamera? Kwa programu?

Kuna chombo kimoja ambacho kimehangaika na swali hili kwa zaidi ya miaka 70, na jibu lake halimbembelezi mtu. Kinaitwa hadubini ya hologramu ya kidijitali. Hadubini unaijua, ile ya kuangalia vitu vidogo. Tofauti ni kwamba hii haipigi picha ya kitu chenyewe. Inanasa alama ambazo mawimbi ya mwanga huacha yanapokutana, halafu kompyuta inapiga hesabu na kukuundia picha kutokana na alama hizo. Yaani picha haipo kabisa mpaka hesabu ifanywe. Kama kuna mahali pa kujifunza hesabu inaweza nini na haiwezi nini, ni hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Ukifuata historia ya hadubini hii kutoka mwanzo, utaona kwamba kila hatua kubwa ilipigwa pale mtu alipopata njia ya kunasa mwanga zaidi. Pale walipotafuta njia ya kupamba picha tu, hakuna kikubwa kilichotokea. Na leo, wakati kila mtu anatuambia programu itatengeneza kila kitu, tunasahau hiyo sehemu.

Ukuta wa Abbe

Tuanzie mji wa Jena, Ujerumani, mwaka wa 1873. Kabla ya hapo hadubini zilitengenezwa kwa kubahatisha: fundi anasugua kioo, anachungulia, anasugua tena. Ernst Abbe, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi na fundi Carl Zeiss, akaamua kuuliza swali la msingi. Je, kuna kikomo? Ukiwa na lenzi isiyo na kasoro hata moja, utaona mpaka wapi?

Jibu lake ni hili. Mwanga ni mawimbi. Ukipita kwenye kitu chenye vijisehemu vidogo, unatawanyika kwa pembe. Vijisehemu vikiwa vidogo zaidi, pembe inapanuka zaidi. Kwa hivyo lenzi inahitaji mlango mpana wa kupokea ule mwanga uliokwenda pembeni. Mwanga huo usipoingia mlangoni, habari uliyobeba imepotea. Haijafifia, bana. Haipo.

Upana wa mlango huo wataalamu wanaupima kwa namba wanayoiita NA. Na ukali, yaani umbali mdogo kabisa kati ya nukta mbili ambazo bado unaziona kama mbili, ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa NA mara mbili. Chukua mwanga wa kijani wenye wimbi la nanomita 550 na lenzi nzuri ya mafuta yenye NA ya 1.4. Unapata nanomita 200 hivi. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8, kwa hivyo utaiona vizuri. Virusi vingi ni vidogo kuliko nanomita 200, na hapo ndio mwisho wa safari. Fomula hii wameichonga kwa jiwe kwenye mnara wa kumbukumbu ya Abbe huko Jena.

Shikilia kitu kimoja kidogo hapa, kwa sababu kitarudi. Ile "mara mbili" kwa fomula haiji bure. Unaipata ukimulika kitu kwa mshazari. Ukituma mwanga ulionyooka kutoka upande mmoja tu, wima kabisa, unaipoteza, na ukali wako unakuwa nusu.

Mtu aliyetaka kuona atomi

Kama wimbi la mwanga ni refu mno, tafuta wimbi fupi. Mwaka wa 1924 Louis de Broglie alisema hata elektroni zina mawimbi. Kufikia 1931 Max Knoll na Ernst Ruska walikuwa wamejenga hadubini ya elektroni ya kwanza huko Berlin. Wimbi la elektroni zenye kasi ni kama nanomita 0.005, fupi kuliko mwanga wa kijani mara 100,000 hivi. Atomi ndani ya vitu vigumu hukaa umbali wa nanomita 0.2 hivi. Ukipiga hesabu ya haraka, unadhani atomi zitaonekana kesho asubuhi.

Hazikuonekana. Mwaka wa 1936 Otto Scherzer alionyesha kwa hesabu kwamba lenzi za kawaida za elektroni, zile za mviringo, haziwezi kukwepa kasoro moja: elektroni zinazopita ukingoni hazikutani mahali pamoja na zile zinazopita katikati. Dawa pekee ilikuwa kuubana mlango ili zile za ukingoni zisiingie. Na Abbe ameshatuambia nini kuhusu mlango mwembamba? Unakula ukali. Kufikia 1947 hadubini za elektroni zilikuwa zimekwama kwenye nanomita 1.2 hivi.

Hapa anaingia Dennis Gabor. Alizaliwa Budapest mwaka wa 1900, kwa familia yenye asili ya Kiyahudi. Akawa mhandisi Berlin katika kampuni ya Siemens, na Hitler alipoingia madarakani 1933 akaondoka. Akaishia mji wa Rugby, Uingereza, katika kampuni ya umeme ya British Thomson-Houston. Inasimuliwa kwamba wakati wa Pasaka ya 1947 alikuwa ameketi akingoja zamu yake ya kucheza tenisi, wazo likamjia. Wacha tukubali kwamba picha ya elektroni ni mbaya. Lakini kama habari zote zimo ndani yake, si tunaweza kuichukua hiyo picha mbaya na kuirekebisha baadaye kwa mwanga wa kawaida?

Soma hilo wazo tena polepole. Hakusema tuipambe picha mbaya. Alisema kama habari zote zimo. Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha zimo.

Na shida ilikuwa hii. Filamu ya picha hurekodi nguvu ya mwanga tu: hapa pamewaka, pale pana giza. Hairekodi mapigo ya wimbi, yaani ni sehemu gani ya wimbi imefika juu na gani imefika chini kwa wakati huo. Mapigo hayo wataalamu wanayaita awamu. Ni kama kusikiliza kwaya ukajua nani anaimba kwa sauti kubwa, lakini usijue nani ameanza mapema na nani amechelewa. Nusu ya wimbo imekupita.

Gabor akafanya ujanja rahisi. Changanya wimbi linalotoka kwa kitu na wimbi lingine safi unalolijua vizuri, wimbi la rejea. Yanapokutana yanaunda mistari ya mwanga na giza, na mpangilio wa mistari hiyo umebeba awamu. Filamu sasa imeshika wimbi zima. Ndio maana akaita picha hiyo hologramu, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "nzima."

Alijaribu kwanza kwa mwanga, akiwa na msaidizi wake Ivor Williams. Taa yao ilikuwa ya zebaki, na walilazimika kuupitisha mwanga wake kwenye kitundu cha mikromita 3. Mwanga uliobaki ulikuwa hafifu mno hivi kwamba filamu nyeti kuliko zote za wakati huo ilihitaji dakika kadhaa. Kitu walichopiga kilikuwa na upana wa milimita 1 hivi, na kiliandikwa majina ya watu watatu waliotufundisha kwamba mwanga ni mawimbi: Huygens, Young, Fresnel. Majina yakasomeka. Makala yake ilitoka kwa jarida la Nature tarehe 15 Mei 1948.

Halafu? Halafu karibu hakuna kitu. Kila picha ilikuja na pacha wake, picha ya pili iliyofifia ikiwa imeilalia ya kwanza, na hakukuwa na njia nzuri ya kuwatenganisha. Walipojaribu kwa elektroni zenyewe katika miaka ya 1950, mitetemo, uga wa sumaku uliozagaa na uchafu kwenye sampuli viliwashinda. Wazo likalala. Gabor mwenyewe akaendelea na mambo mengine.

Watu wanapenda kusema Gabor alikuwa mbele ya wakati wake. Mimi nasema alikosa mwanga, tena simaanishi mfano. Hesabu yake ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mawimbi yanayotembea sako kwa bako kwa umbali wa kutosha. Mwanga wa taa ile ya zebaki ulikuwa unapoteza mpangilio baada ya sehemu ya kumi ya milimita.

Msaada ulitoka kwa rada

Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kulikuwa na mhandisi anaitwa Emmett Leith. Kazi yake ilikuwa rada za kijeshi za aina ya pekee. Ndege haiwezi kubeba antena ndefu ya mamia ya mita. Lakini inaweza kubeba antena fupi, ikaruka huku inarekodi kila hatua, kisha rekodi zote zikaunganishwa kana kwamba zimenaswa na antena moja ndefu sana. Umeona? Mlango mpana umejengwa kwa vipande. Leith alipokuwa akipiga hesabu za rada yake alitambua kwamba ni zile zile za Gabor.

Akaungana na mwenzake Juris Upatnieks, na mwaka wa 1962 wakachapisha suluhisho la pacha. Badala ya wimbi la rejea kuja kutoka upande ule ule wa kitu, lilete kwa mshazari. Hapo picha inakwenda upande wake, pacha anakwenda wake. Leza ilikuwa imezaliwa Mei 1960 mikononi mwa Theodore Maiman, kwa hivyo mwanga uliopangika sasa ulipatikana. Kufikia 1964 walikuwa wanaonyesha hologramu ya treni ya kuchezea ambayo unaweza kuzungusha kichwa ukaiona ubavuni. Mwaka huo huo wa 1962, Yuri Denisyuk katika Umoja wa Kisovieti alikuwa amechapisha njia yake tofauti. Na mwaka wa 1971 Gabor akapewa Tuzo ya Nobel. Kwenye hotuba yake alilinganisha lenzi bora kabisa ya elektroni ya siku zile na tone la mvua.

Dunia ikashika sehemu moja tu ya stori hii: picha zinazoelea hewani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini hakuna aliyeuliza viliundwa kwa ajili gani. Gabor hakuwa anatafuta maonyesho. Alikuwa anatafuta ukali. Na ndoto yake ya elektroni ilikuja kutimia: mwaka wa 1995 kikundi cha Hannes Lichte huko Ujerumani kilionyesha kwamba hologramu ya elektroni inaweza kweli kurekebisha kasoro ya lenzi na kuvuka kikomo chake. Gabor alikuwa amefariki miaka 16 kabla, 1979.

Kuingia kwa kompyuta, na hatua moja nyuma

Kama wimbi lote limeshikwa kwa mistari, kwani lazima tulifufue kwa leza na filamu? Si tupige hesabu tu? Mwaka wa 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya kufanya hesabu za mawimbi kwa haraka sana kwenye kompyuta. Miaka miwili baadaye, 1967, Joseph Goodman na mwenzake Lawrence walinasa hologramu kwa kamera ya televisheni na kuifufua ndani ya kompyuta. Picha yao ilikuwa na nukta 256 kwa 256. Hizo ni 65,536. Simu yako ya megapikseli 50 ina nukta karibu mara 760 ya hizo.

Ilibidi wangoje kamera. Kihisi cha CCD kilibuniwa na Willard Boyle na George Smith mwaka wa 1969, na ni mpaka 1994 ndipo Ulf Schnars na Werner Jüptner huko Bremen walipoweka CCD mahali pa filamu na kunasa hologramu moja kwa moja. Mwaka wa 1999 kikundi cha Lausanne, Uswisi, akiwemo Etienne Cuche na Christian Depeursinge, kikaonyesha kwamba kwa hologramu moja tu unapata nguvu ya mwanga na awamu pia. Hapo ndipo wanabiolojia walipoamka. Seli hai karibu haina rangi, mwanga unaipita kama kioo. Lakini inauchelewesha mwanga kidogo, na awamu inakuonyesha umecheleweshwa kiasi gani. Unaipima seli bila kuitia rangi na bila kuiua.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu kuna ujanja wa kibiashara unaopita hapa. Utasoma kwamba hadubini fulani ya hologramu ina uwezo wa nanomita. Ni kweli, kwa kimo. Awamu inaweza kukuambia uso umeinuka nanomita chache. Lakini upande kwa upande, kutenganisha nukta mbili zilizo jirani, sheria ni ile ile ya Abbe. Nanomita za kimo si nanomita za upana. Anayezichanganya anakuuzia kitu.

Na tuseme ukweli mwingine ambao hausemwi sana: kwa ukali, kuhama kutoka filamu kwenda kamera kulikuwa kurudi nyuma. Filamu ya hologramu inaweza kurekodi zaidi ya mistari 1,000 kwa milimita moja. CCD yenye pikseli za mikromita 6.8 ina pikseli 147 kwa milimita, na kila mstari unahitaji pikseli mbili, moja ya mwanga na moja ya giza. Hiyo ni mistari 73. Kumbuka mistari inasongamana kadiri pembe kati ya mawimbi inavyopanuka. Kwa leza nyekundu ya nanomita 633, kamera hiyo haiwezi kuvumilia pembe inayozidi nyuzi 2.7. Mwanga wote uliotawanyika zaidi ya hapo, ule unaobeba vijisehemu vidogo, kamera haiwezi kuusoma.

Kujenga kwa bajeti

Sasa tuingie jikoni tuone wajenzi walifanya nini. Chukua kihisi cha pikseli 1,024 kwa 1,024, kila moja mikromita 6.8. Upana wake ni milimita 7 hivi. Usiweke lenzi yoyote. Weka sampuli milimita 100 mbele yake. Ukali unapatikana kwa urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa upana wa kihisi: 0.633 mara 100, gawanya kwa 7. Jibu ni mikromita 9. Seli nyekundu nzima ya damu imepotea humo.

Basi isogeze karibu, utasema. Sawa. Ukifika milimita 75 ukali ni mikromita 6.8, sawasawa na upana wa pikseli moja, na hapo unagonga ukuta. Ukisogea zaidi, mistari ya kandokando inasongamana kuliko pikseli zinavyoweza kuhesabu. Umepata mlango mpana lakini karani wa mlangoni hajui kusoma haraka hivyo.

Njia za kutoka ni chache, na karibu zote zina mizizi kwa watu tuliokwisha kuwataja.

Ya kwanza ni kuweka lenzi ya hadubini kabla ya kamera, ili mistari ipanuliwe kabla ya kuhesabiwa. Lakini si lenzi yoyote kwa kamera yoyote. Tuseme lenzi yako ina NA ya 0.5 na unaleta rejea kwa mshazari kama Leith. Ndani ya kamera lazima vitoshe vitu vitatu bila kukanyagana: picha, pacha wake, na ukungu wa katikati ambao una upana mara mbili ya kila mmoja wao. Piga hesabu kwa leza ile nyekundu. Ukiwa na pikseli za mikromita 3.45 unahitaji ukuzaji wa angalau mara 17. Ukiwa na zile za 6.8 unahitaji mara 34. Kwa hivyo lenzi moja ya mara 20 inafanya kazi yake yote kwa kamera ya kwanza, na kwa ya pili sehemu ya ukali wake inamwagika. Lenzi ni ile ile, leza ni ile ile. Wala usikimbilie kukuza mara 100 kwa usalama, maana kila ukuzaji wa ziada unakula eneo unaloliona. Kanuni za kupanga haya ndizo zilizochapishwa kwa utaratibu mwaka wa 2014 na watafiti wa Valencia, Uhispania, pamoja na mwenzao Jorge Garcia-Sucerquia wa Medellín, Kolombia.

Ya pili ni kurudi kwa Gabor mwenyewe: kitundu kidogo kinachotoa wimbi linalotanuka, na sampuli ikae karibu nacho. Wimbi likitanuka linaikuza mistari lenyewe, bila lenzi. Kikundi cha Jürgen Kreuzer katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, kilionyesha mwaka wa 2001 kwamba njia hii inatosha kwa biolojia. Kile Gabor alichokosa, leza na kamera, sasa kilikuwepo.

Ya tatu ni ile "mara mbili" ya Abbe niliyokwambia ushikilie. Leza inayopiga sampuli wima inakupa mikromita 1.27 kwa lenzi ya 0.5. Lakini ukiiinamisha leza upande huu, halafu ule, ukanasa hologramu kila mara na kuziunganisha, mlango unapanuka kama antena ya ndege ya Leith. Unakaribia mikromita 0.63. Kwa sababu kila hologramu ina awamu, vipande vinaungana sawasawa. Picha ya kawaida huwezi kuiunganisha hivyo.

Ya nne ni ya kikundi cha Aydogan Ozcan huko Los Angeles. Sampuli inalazwa karibu kabisa juu ya kihisi, na chanzo cha mwanga kinasogezwa kidogo kidogo huku hologramu zikinaswa. Kila msogeo ni chini ya pikseli moja, kwa hivyo kila hologramu inaleta kitu ambacho nyingine haikuwa nacho. Ukizijumlisha, unaona vidogo kuliko pikseli, tena kwa eneo kubwa.

Angalia hizo njia nne. Hakuna hata moja ambapo kompyuta ilibuni kitu. Kila moja ni mpango wa kuufikisha mwanga mwingi zaidi, kwa pembe nyingi zaidi, mbele ya pikseli zinazoweza kuusoma. Hesabu inakuja baadaye kuvuna.

Kurekebisha si kubuni

Mwaka wa 2018 kikundi hicho hicho cha Ozcan kilionyesha kwamba mtandao wa kujifunza wa kompyuta unaweza kufundishwa kuondoa pacha na kufufua picha kutoka hologramu moja, kwa haraka. Kazi nzuri. Sina ugomvi na hiyo, kwa sababu habari za wimbi zilikuwa zimo, zimevurugika tu. Hiyo ni kurekebisha.

Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata, ile watu wanaipenda sana sasa: kuipa mashine picha ambayo habari hazimo, na kuiachia ikisie kutokana na maelfu ya picha ilizowahi kuona. Hiyo ni kubuni. Kwa picha ya mwezi kwenye simu, hasara ni ndogo. Lakini hapa Kenya malaria bado inatafutwa kwa hadubini: tone la damu kwenye kioo, rangi ya Giemsa, lenzi ya mara 100 yenye mafuta, na jicho la mtu. Kimelea kichanga ni kijipete kinachochukua sehemu ndogo tu ya seli nyekundu. Tuseme kesho mtu analeta kifaa cha bei nafuu chenye ukali wa mikromita 5, na programu inayokipa sura ya ukali wa mikromita 0.5. Picha itapendeza. Kijipete utakachokiona kinaweza kuwa kumbukumbu ya mgonjwa mwingine. Na ambacho hukukiona kinaweza kuwa cha mtoto aliye mbele yako.

Sisemi tukatae vifaa hivyo. Nasema tuulize maswali yanayofaa kabla ya kuvinunua na kabla ya kuvisifu. NA ni ngapi? Pikseli ni ya mikromita ngapi, na ukuzaji unatosha kuilisha? Mwanga uliingia kwa pembe ngapi? Hologramu ngapi zilinaswa kwa picha moja? Asiyeweza kujibu hayo, usimwulize kuhusu akili ya programu yake.

Na hapa ndipo ninapopata matumaini. Enzi za Abbe, ukali ulikuwa mali ya aliye na kioo cha Jena. Leo sehemu kubwa ya ukali iko kwa mpangilio: leza, kamera, umbali, pembe, na hesabu. Mtu wa Medellín ameshiriki kuandika kanuni ambazo dunia nzima inazitumia. Hesabu zote nilizoweka hapa ni za kuzidisha na kugawanya, na mimi niliyeachia chuo njiani nimezipiga kwa kikokotoo cha simu. Mlango ambao ulikuwa wa kioo sasa ni wa maarifa. Anayebaki nje ni yule aliyeamini kwamba akinunua programu nzuri, hatahitaji kujua mwanga uliingilia wapi.